Tarakimu Tatu Zilizofutika

Mwanangu alipotea siku ambayo nusu ya mji wa Goma ilikuwa inakimbilia ziwani na nusu nyingine ilikuwa inatoka huko. Alikuwa na miaka mitano. Tulikuwa tunakaa Kibati, yeye na mimi tu, katika nyumba ya mbao iliyojengwa juu ya mawe meusi ya volkano. Baba yake alifariki kabla mtoto hajaanza kutambaa. Mimi ni mwalimu wa hesabu katika sekondari. Wanafunzi huniita Madamu, na hata majirani walikuwa wamezoea kuniita hivyo.

Vita viliposogea tulishuka kwa miguu, tukapita kambi ya Kanyaruchinya ambako watu walikuwa wanang'oa mahema yao na kuyabeba kichwani pamoja na miti yake. Tulipofika karibu na bandari, mlio mkubwa ulisikika upande wa uwanja wa ndege, na umati wote ukageuka kwa mara moja. Nilikuwa nimemshika sawasawa. Mkono wake ulichomoka katika wangu kama kipande cha sabuni kilicholowa. Nilimwona mgongo, nikaona sweta lake la kijani kati ya miguu ya watu, halafu nikaona miguu tu.

Nilimtafuta kwa wiki nyingi. Niliingia makanisani, katika madarasa yaliyogeuzwa kuwa malazi, katika hospitali, na mwishoni nikaenda hata pale ambapo maiti zilikuwa zimepangwa, nikazipita moja moja nikitazama miguu kwanza, kwa sababu sikuwa na nguvu ya kuanza na nyuso. Hakuwapo. Dada yangu, ambaye alinipokea kwake Majengo, aliniambia nishukuru Mungu kwamba hakuwapo kule. Sikujua jinsi ya kushukuru.

Siku moja nikaamua kurudi Kibati. Nilifikiri pengine mtu amemrudisha nyumbani, au pengine mwenyewe amefuata barabara akapanda. Mlango wa nyumba ulikuwa umevunjwa, vyombo vimebebwa, na kitanda chake kilikuwa kimeondolewa mbao za chini. Nilikaa kwenye kizingiti. Simu ikalia, namba nisiyoijua.

"Weye ni Madamu?" sauti ya mwanamke ikauliza.

"Ndiyo, ni mimi."

"Niko Bukavu. Niko mama wa biashara, ninapanda boti. Kuko mutoto moja, tulimukuta mu boti siku ile ya vita. Hakuwe anasema kitu. Nilikaa naye siku tatu, kisha nikamupeleka kwa bale ba shirika banaotunza batoto banaopotea. Jana nimeenda kumuona, akaanza kuimba namba. Nikazijaribu, njo hizi."

Nilikuwa nimemfundisha namba yangu ya simu kwa wimbo wa kuruka kamba, unaoishia na neno Madamu. Nilitoa sauti ambayo sijui ilikuwa ya namna gani, na yule mama akaningoja.

"Mama, usilie kwanza," akasema. "Simu yangu inataka kuzimika. Andika numero ya dosiye yake. Bila ile, hawatakuonesha mutoto. Andika."

Sikuwa na karatasi. Nilikuwa na biki katika mfuko wa koti, kama kila mwalimu. Nilivuta mkono wa kushoto wa koti, nikaandika kwenye ngozi, kuanzia karibu na kiwiko nikishuka hadi kwenye kifundo cha mkono. Alizitaja tarakimu za jalada la mtoto kwa Kifaransa, mbili mbili, kama tunavyotaja namba sote: jozi sita, tarakimu kumi na mbili. Nikamsomea, akasema ni hiyo hiyo. Nilipotaka kuuliza kama mtoto anakula, kama ana homa, laini ikakatika. Nilipiga tena na tena. Simu yake ilikuwa imezimika kama alivyosema.

Lazima nieleze tabia yangu moja, kwa sababu bila hiyo hakuna kinachoeleweka. Tangu nikiwa msichana, siwezi kuona namba ndefu nikaiacha. Namba ya gari, namba ya tiketi, namba iliyochapwa chini ya kopo la maziwa: nitaijaribu inagawanyika kwa nini. Hata mtu akinitajia namba mbili mbili, mimi huwa ninajumlisha zile jozi papo hapo, bila kukusudia. Kuna sababu. Mia moja ukiigawa kwa tisini na tisa, hubaki moja. Kwa hiyo namba yoyote, hata iwe ndefu kama barabara ya Rutshuru, ukiikata mbili mbili kutoka mwisho na kujumlisha vipande, jumla yake itakuambia kama namba nzima inagawanyika kwa tisini na tisa au la. Yule mama alipomaliza kutaja jozi ya sita, kichwani mwangu tayari kulikuwa na mia moja tisini na nane. Mara mbili ya tisini na tisa. Namba ya mwanangu ilikuwa inagawanyika kwa tisa, na kwa kumi na moja. Katika furaha ile nilichukulia kama salamu.

Pikipiki zilikuwa hazipiti siku hiyo, kwa hiyo nilishuka kwa miguu. Mvua ikaanza. Niliufunika mkono kwa koti na kutembea haraka, na njiani nikaendelea kucheza na namba, maana nisingefanya hivyo ningekimbia na kuanguka. Niliikata sasa tatu tatu, nikiichungulia chini ya koti. Hiyo ni njia nyingine tunayowafundisha wanafunzi wa madarasa ya juu: unachukua vipande vya tarakimu tatu tatu, unajumlisha cha kwanza na cha tatu, cha pili na cha nne, unatoa ndogo katika kubwa, na tofauti inayobaki ndiyo unayojaribu kuigawa kwa saba, na kumi na moja, na kumi na tatu. Kama tofauti ile inagawanyika, na ile namba kubwa inagawanyika. Nilifanya hivyo kwa sauti, midomo ikicheza, kwa Kifaransa, lugha niliyosomea hesabu.

Sikuona bariyere mpaka nilipokuwa mbele yake. Ilikuwa kamba tu, na wanaume watatu wenye bunduki chini ya turubai. Mmoja akasogea.

"Unasema nini, mama?"

"Hakuna kitu, papa."

"Nimekusikia. Unataja manumero. Ni kode ya nani?"

"Ni hesabu. Mimi niko mwalimu."

Akaona wino ukitokeza kwenye kifundo. Akaukamata mkono wangu, akavuta koti juu, akatazama. Mkono wake ulikuwa umelowa mvua. Alinishika katikati ya ile safu ya tarakimu, na alipokuwa akiniuliza ni namba ya nani, ni ya kundi gani, nani amenituma, kidole gumba chake kilikuwa kinasugua, taratibu, kama mtu anayejaribu kama rangi ya ukuta imekauka. Nilimwambia ni ya mtoto wangu aliyepotea. Nilimwambia mara nyingi. Akacheka kidogo, si kwa ubaya hasa, kwa uchovu. Akasema nimpe simu. Nikampa. Akaitia mfukoni na kuniambia nipite, nisirudi tena upande ule.

Nilitembea kama hatua hamsini kabla ya kuthubutu kutazama. Karibu na kiwiko tarakimu zilikuwa zimesimama wazi: 36, 41, 08. Kisha 7. Kisha doa la bluu lililotandazwa kama moshi. Kisha, karibu na kifundo, 25.

Tarakimu tatu hazikuwapo. Namba ya yule mama ilikuwa ndani ya simu. Na mimi, mtu ninayejidai mbele ya wanafunzi kwamba nina kichwa cha namba, sikuwa nimeikariri. Nilijua sifa zake, sikujua sura yake. Nilisimama kwenye mvua na kumlaani yule mwenye bunduki, halafu nikajilaani mwenyewe kwa muda mrefu zaidi, maana ningenyamaza tu kama mtu wa kawaida angeniacha nipite bila kunitazama.

Kesho yake asubuhi nilienda kwenye biro, ofisi ya lile shirika hapa Goma. Nilikuwa nimeshanakili tarakimu zilizobaki kwenye karatasi, lakini bado sikuwa nimeosha mkono. Aliyenipokea alikuwa mama wa makamo, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na mbele yake kulikuwa na kompyuta na rundo la fomu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akautazama mkono.

"Mama, hii haijatimia," akasema.

"Tafuta kwa jina lake."

"Kama hakuwe anasema, jina iliandikwa hapana."

"Basi tafuta kwa namba yangu ya simu. Mtoto aliitaja."

"Mashini inatafuta kwa numero ya dosiye tu. Makaratasi yenyewe iko Bukavu."

"Nioneshe picha za wasichana wa miaka mitano walioko kule. Nitamjua kwa nusu dakika."

Akavua miwani. "Unisikilize vizuri. Kuna batu balikuja hapa, banalia kuliko weye, banaonesha mutoto kwenye picha, banasema ni wangu. Mutoto hakukuwa wao. Sasa picha hatuoneshe tena. Muzazi analeta numero, anasema alama za mutoto, njo tunafungua. Sikukatalie kwa roho mbaya."

Nilijua ana haki, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Ningekuwa mimi kwenye kiti chake ningefanya vile vile. Kuhusu laini yangu ya simu, niliambiwa dukani kwamba kuirudisha kunahitaji kitambulisho, na changu kilipotea siku ileile ya bandari. Wakaniambia nisubiri ofisi zifunguliwe. Hakuna aliyejua zitafunguliwa lini.

Nikarudi Majengo, nikachukua kaa la moto lililozimika jikoni kwa dada, nikaanza kuandika kwenye ukuta wa mbao wa ua.

Tarakimu tatu zisizojulikana ni namba elfu moja. Mtu hawezi kwenda kwa yule mama wa miwani na namba elfu moja. Lakini nilikuwa na ile mia moja tisini na nane. Thelathini na sita, arobaini na moja, nane, ishirini na tano: mia moja na kumi. Weka sabini, kwa ile saba iliyobaki: mia moja na themanini. Zilizofutika, yaani tarakimu moja inayoifuata saba na ile jozi inayokuja baadaye, lazima jumla yake iwe kumi na nane. Basi. Sifuri na kumi na nane. Moja na kumi na saba. Mbili na kumi na sita. Niliziandika zote mpaka tisa na sifuri tisa. Elfu moja zilikuwa zimebaki kumi.

Nilitazama zile kumi mpaka zikaacha kuwa namba. Kila moja inaweza kuwa ya mtoto. Nilianza kuwaona wamepangwa kwenye benchi refu, wasichana kumi, na wangu mmoja kati yao, na mimi nimesimama mlangoni nisiruhusiwe kuinua macho.

Dada alitoka kuanua nguo, akasimama nyuma yangu.

"Unafanya nini na ukuta wangu?"

"Ninamtafuta mtoto."

Alisimama pale ameshika nguo. Baadaye aliniambia kwamba siku ile aliogopa nimepotewa na akili, na kwamba aliingia ndani kulia nisimsikie.

Kilichobaki ni ile hesabu ya njiani, ya tatu tatu. Nilijua nilipata tofauti, na nilijua iligawanyika kwa kitu, kwa sababu nilikumbuka ile raha ndogo ya kuona haibaki kitu. Kwa kitu gani? Nilikumbuka saba. Nilikuwa na uhakika. Nikazijaribu zile kumi kwa saba, na moja tu ikakubali: ile yenye tatu, kisha kumi na tano. 364108731525. Bilioni mia tatu sitini na nne na ushei, na nikaiandika kwa tarakimu kubwa chini ya ukuta kama jina.

Asubuhi nilikuwa wa kwanza mlangoni. Yule mama wa miwani alichapa polepole, kidole kimoja. Nilimsomea mbili mbili. Alingoja, akachapa tena kuhakikisha.

"Haiko," akasema.

"Jaribu tena."

"Nimejaribu mara mbili, Mama. Ile numero haiko."

Nikamwambia zipo nyingine tisa, nikaanza kuzitaja. Akainua mkono.

"Hapana. Ukianza kubahatisha, unanifungulisha dosiye ya mutoto wa wengine. Mimi nitakutendea kama bale niliokuambia. Nenda, ufikiri. Ukirudi na nyingine, nitaijaribu. Lakini ikikosa tena, usirudi kwangu na namba. Utarudi siku makaratasi itafika."

"Yatafika lini?"

Akaangalia dirishani. Barabara ya kwenda Bukavu ilikuwa imefungwa, na sote wawili tulijua.

Siku mbili zilizofuata sizikumbuki vizuri. Najua nililala kwenye mkeka mchana, uso ukutani. Kwa kuwa saba ilikuwa imenidanganya, kila kitu kikaanza kunidanganya. Pengine jumla haikuwa mia moja tisini na nane. Pengine nilisikia nilichotaka kusikia. Pengine ile nane kwenye mkono ilikuwa tatu iliyolowa, na nilipoinakili nikaifunga mwenyewe. Nilikuwa nimeishi na hesabu miaka yote kwa sababu haina huruma wala uonevu. Inakuambia ilivyo, iwe umefiwa au unaoa. Sasa nilikuwa nimelala chini nikiiomba kama mtu anavyomwomba mtakatifu, na haikuwa na sikio. Niliwaza pia jambo baya zaidi: kwamba mtoto, kule aliko, ameanza kusahau uso wangu, na kwamba siku makaratasi yatakapofika atakuwa ameshapewa watu wengine wanaolia kuliko mimi.

Dada alikuja na uji, akakaa karibu nami.

"Kunywa."

"Siwezi."

"Basi niambie ile siku. Yote. Umenieleza namba tu, hujanieleza ile siku."

Nikamweleza kwa kuwa sikuwa na nguvu ya kukataa. Nilimweleza kizingiti, na mvua, na jinsi nilivyotembea nikitaja namba kwa Kifaransa. Nilipofika kwenye bariyere, akaniuliza swali ambalo mimi sikuwa nimejiuliza.

"Ulikuwa unataja nini hasa, alipokusikia?"

"Sikumbuki. Tofauti. Nilikuwa ninaigawa."

"Lakini ilikuwa mdomoni. Mtu alikuuliza unasema nini."

Nikainuka nikaenda ukutani. Kwa kila moja ya zile namba kumi nilikata tatu tatu na kutafuta tofauti, sasa bila kujali inagawanyika kwa nini. Kwa ile ya kwanza ilikuwa 132. Ya pili 242. Ya tatu 352. Kila moja ilizidi iliyotangulia kwa mia moja na kumi, kama ngazi, na ikanishangaza kwamba sikuiona ngazi hiyo mwanzoni. 462, hiyo ndiyo iliyogawanyika kwa saba na kunipotosha. 572. 682. 792. 902. 1012. Ya kumi ilivunja mwendo: 121. Dada alisimama pembeni, kitambaa begani.

"Zitaje kwa mdomo," akasema. "Kama ulivyofanya njiani."

Nilizitaja kwa Kifaransa, polepole, nikitembea huku na huku uani, kwa sababu nilihisi lazima nitembee. Nilipofika kwenye ya tano, *cinq cent septante-deux*, mia tano sabini na mbili, mkono wa kushoto ukasisimka. Nilisikia mvua juu ya turubai. Nikasikia, "Unasema nini, mama?" Nikaitaja tena. Ndiyo iliyokuwa mdomoni. Nilikuwa nimeijaribu kwanza kwa saba, kama kawaida yangu, ikabaki tano. Nikaijaribu kwa kumi na tatu: mia tano na ishirini ni arobaini, hamsini na mbili ni nne, arobaini na nne kamili, haibaki kitu. Hapo hapo ndipo aliponikamata. Nilikuwa nimeikumbuka saba kwa sababu nilianza nayo tu.

Namba ile ilikuwa 364108741425. Niliigawa kwa makaa, kwa ishirini na tano, kwa tisa, kwa kumi na moja, kwa kumi na tatu, nikijaza ukuta mpaka karibu na choo, na kila mara haikubaki kitu, mpaka nikafika 11316511 nikaacha. Sikuamini. Niliifanya tena kuanzia mwanzo. Dada hakuelewa hata mstari mmoja, lakini alikwenda akachota maji akanawisha uso wangu kama mtoto.

"Twende wote," akasema.

Tulienda wote. Yule mama wa miwani alinitazama muda mrefu kabla ya kuweka vidole kwenye mashine.

"Una hakika?"

"Sina hakika. Lakini ndiyo hii."

Nilimsomea. Alichapa. Kulikuwa na kikohozi cha mtu mlangoni, na jenereta nje. Nilitazama mikono yake, sikutazama uso.

"Musichana," akasema. "Miaka kama tano. Jina, haijulikani. Alipatikana mu boti." Akaniinulia macho. "Alama za mwili?"

Nilisema kovu la moto kwenye goti la kushoto, aliangukia mbabula, jiko la makaa, alipokuwa anajifunza kutembea, umbo lake kama jani. Nilisema jino moja la mbele halikuwapo. Nilisema sweta la kijani.

Akasoma. Akavua miwani na kuiweka juu ya fomu.

"Kovu liko," akasema. Kisha akaongeza, kwa sauti ya chini: "Na kuna noti imeingizwa juzi. Mutoto ametaja namba ya simu ya mama. Imepigwa mara nyingi. Haipatikane."

Dada alinivutia kiti. Yule mama alisubiri mpaka nilipokaa, akaniletea maji katika kikombe cha bati, akauliza nimepata wapi zile tarakimu. Nikamwambia nimezihesabu. Aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyesikia mengi na hana nafasi ya kuuliza zaidi, akaanza kujaza fomu.

Ilichukua muda. Boti zilikuwa zinasimama na kuanza, kulikuwa na mihuri ya huku na ya kule, na mara mbili niliambiwa ni wiki hii ikawa si wiki hii. Mwishowe walimleta pamoja na watoto wengine watatu, mchana, katika gari jeupe. Alishuka wa mwisho. Walikuwa wamemnyoa nywele kwa ajili ya upele, na alivaa gauni la njano nisilolijua. Alikuwa amerefuka. Nilipiga magoti kwenye kokoto za ule ua na kufungua mikono, lakini hakukimbia. Aliendelea kushika sketi ya mfanyakazi aliyewaleta, akanitazama kama anavyotazamwa mtu aliyekosea.

"Simu yako haipite," akasema.

"Najua, mama yangu. Walininyang'anya."

Alifikiri jambo hilo. Kisha akaja, si mbio, hatua kwa hatua, akasimama karibu kiasi cha kunifanya nimguse mimi kwanza.

Sasa ana miaka sita na ushei. Tunakaa Majengo bado, chumba cha nyuma. Shule imefunguliwa, ninafundisha, na yeye hukaa kwenye dawati la nyuma ya darasa langu kwa sababu hataki kwenda kwenye darasa la rika lake. Mkurugenzi wa shule amevumilia. Anakula vizuri. Kuna siku anacheka kabisa, na kuna siku hasemi mpaka jioni.

Wiki iliyopita tulikuwa katika soko la Virunga. Niliuachia mkono wake ili nichague nyanya, sekunde chache tu, na alikuwa ananigusa kiunoni. Akaanza kupiga kelele. Si kilio cha mtoto. Ni sauti moja, ndefu, isiyo na neno ndani yake. Watu walikusanyika. Mama muuza nyanya alinitazama, akamtazama mtoto, akasimama.

"Huyu mutoto ni wako?"

"Ni wangu."

"Mbona analia vile? Mutoto, huyu ni mama yako?"

Hakuweza kujibu. Macho yalikuwa wazi lakini hayakuwa yananiona. Nilikuwa na fomu yenye mihuri nyumbani, ndani ya boksi, na pale sokoni sikuwa na kitu cha kuonesha. Nikakaa chini kwenye majani ya kabichi na matope, nikamweka mapajani, nikamshika kwa mikono yote miwili. Mtu mmoja akasema waitwe viongozi wa soko. Mama wa nyanya akawaambia wangoje. Alisogeza kapu lake ili tupate kivuli, akainama kututazama, na tukakaa hivyo, yeye akituchunga na mtoto akipiga kelele, mpaka sauti ilipomwishia.